Wiki ya Mashindano Hatunoi

Kwenye mlango wa karakana ya ukumbi wa barafu wa Kuusiranta kulikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka ishirini na miwili bila kubanduliwa. Utepe wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai na herufi zimefifia, lakini kila mtoto wa mji ule aliyewahi kuvaa viatu vya barafu aliijua kwa kichwa: WIKI YA MASHINDANO HATUNOI. Chini yake, kwa mwandiko wa Irmeli Rautala mwenyewe, maneno mawili zaidi: Hata wewe.

Irmeli ndiye aliyekuwa mnoaji. Chuma cha chini ya kiatu cha barafu kina makali mawili, moja kila upande, na katikati yake mfereji mwembamba unaochimbwa na jiwe la mashine. Kikitoka tu kwenye jiwe huuma barafu kupita kiasi, na mguu unahitaji siku tatu nne kukizoea. Hilo hakuna asiyelijua. Hata hivyo kila mwaka, wiki ya mashindano, walikuja kujipanga mlangoni pake, watoto wenye macho mekundu na mama zao nyuma yao wakijifanya wametulia.

"Irmeli, yamekuwa butu. Nateleza ovyo."

"Lete nione."

Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya makali, na ukucha ukatoa unga mweupe.

"Haya yanakata nyama. Kilichoharibika hapa ni tumbo lako. Nenda kale ndizi."

Walinuna, wakaondoka, wakala ndizi, na mashindano yakapita salama. Irmeli alikuwa sahihi kila mara, na nadhani hapo ndipo ubaya ulipojificha. Mtu aliyekuwa sahihi miaka ishirini na miwili mfululizo hajiwekei mlinzi.

Mwaka huo, kwenye orodha ya washiriki wa watu wazima, kundi la wanaoanza, jina lake lilikuwemo. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa mujibu wa karatasi yalikuwa mashindano yake ya kwanza. Kwa mujibu wa moyo wake yalikuwa ya pili, na yale ya kwanza hayakuwa yamekwisha.

Yale ya kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, Kerttu, alimshonea gauni la buluu kutokana na pazia kuukuu la sebuleni, akakesha siku mbili akitia shanga kifuani. Walipanda basi kilomita sitini hadi mji wa jirani, kwenye uwanja wa wazi, baridi ikikata masikio. Kulikuwa na kibanda cha mbao cha kubadilishia nguo, jiko la kuni ndani yake, na nyuma choo. Dakika kumi kabla ya zamu yake Irmeli aliingia chooni, akasukuma komeo, akakaa.

Alisikia jina lake likiitwa kwenye kipaza sauti. Likaitwa tena. Mara ya tatu walianza na jina la ukoo, kama mwalimu anavyomwita mtoto mwenye kosa. Kisha likaitwa jina la mtoto mwingine, na muziki ukaanza.

Alipotoka, mama yake alikuwa amesimama kando ya jiko, koti la mtoto mkononi. Hakusema kitu. Kwenye basi alikaa dirishani akatazama misitu, kilomita sitini, kimya kama maji ya mtungi. Nyumbani alilikunja gauni, akaliweka kwenye sanduku la mashuka, akafunika. Halikutajwa tena. Mtoto akichapwa, anajua adhabu imekwisha lini. Kimya cha Kerttu hakikutangaza mwisho wake, na Irmeli alikulia ndani yake, akaolewa ndani yake na dereva wa malori ya magogo, akafiwa na mume ndani yake. Miaka arobaini na sita mama na binti walikunywa kahawa pamoja kila Jumapili, na gauni la buluu lilibaki sandukuni.

Ungemuuliza kwa nini aliomba kazi ukumbini, angekwambia palikuwa karibu na nyumbani. Uongo mtupu. Alizunguka barafu ile kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyofukuzwa, akifagia ngazi, akisugua vyoo, akiendesha mashine ya kusawazisha barafu, kisha akinoa. Makalio yake yalijua kila benchi la ukumbi, lakini miguu yake haikukanyaga barafu na viatu vya kuteleza mpaka alipotimiza miaka hamsini. Adhuhuri moja, ukumbi ukiwa mtupu, alichukua jozi iliyosahauliwa na mwenyewe miaka mitatu kwenye rafu ya karakana. Zilimtosha. Alilia kidogo, akafuta pua, akarudi kunoa.

Vilma, kocha kijana wa miaka ishirini na sita, ndiye aliyemfuma. Alikuwa ameanzisha darasa la watu wazima, wanafunzi saba, jumla ya miaka yao ikipindukia mia tatu na sabini. Alimwandikisha Irmeli, na baada ya miaka michache akawaandikisha wote kwa mashindano. Irmeli alikataa mara ya kwanza. Akakataa ya pili. Mara ya tatu alinyamaza, na kwetu huku anayenyamaza amekubali.

Lakini tusimsingizie Vilma. Irmeli mwenyewe alitaka. Alitaka jambo moja tu hapa duniani: jina lake liitwe kwenye kipaza sauti, naye awe amesimama ndani ya barafu. Nafasi ya mwisho hakuijali. Ila akikimbia mara hii, alijua, hataweza tena kupita mbele ya ukumbi ule, hata kwa kazi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Vilma. Miaka miwili nyuma aliteleza mbele ya duka, kwenye barafu ya kawaida ya njiani, akavunja kifundo cha mkono wa kulia. Daktari alimpima mifupa, akatazama karatasi, akavua miwani.

"Mifupa yako imekuwa miepesi sana. Usianguke."

"Sawa."

"Nasema kweli. Usianguke."

Kerttu alikuwa amekaa kando siku hiyo, mkoba mapajani. Alisikia, na kama kawaida yake, hakusema kitu.

Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano, Kerttu, miaka yake themanini na tatu, alikuwa akisoma gazeti la mji, kioo cha kukuzia herufi mkononi.

"Wamekuandika humu," alisema.

"Ni orodha tu, Mama."

"Jumamosi."

"Jumamosi. Saa tatu na nusu asubuhi."

Kerttu alikata mkate mtamu wa iliki vipande viwili vilivyolingana, akasukuma kimoja upande wa binti yake.

"Nitakuja."

Basi, ni hilo tu. Irmeli alirudi kwake. Neno lile moja alilisikia kama mtuhumiwa anavyosikia tarehe ya kesi.

Wiki iliyofuata alifanya yote aliyoambiwa. Vilma alikuwa amempa karatasi: vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita; kunywa maji kidogo kidogo; ukifumba macho, cheza mchezo wako wote kichwani tangu mwanzo hadi mwisho. Alivuta, akatoa. Alikunywa maji hata akachoka kwenda msalani. Alifumba macho, muziki ukaanza, tango la akodiani, akateleza vizuri mpaka katikati, na kila mara, palepale katikati ya barafu, alikuta mlango wa mbao wenye komeo. Alhamisi walipiga kura ya zamu. Akapata namba moja.

"Heri yako," alisema Taisto, mwenzake wa kazi, mwanamume mpana mwenye masharubu yaliyomzidi umri. "Unaanguka wa kwanza, unakunywa kahawa wa kwanza."

"Kinywa chako hicho, Taisto."

"Natania tu, bwana."

"Usinitanie na kuanguka."

Taisto alimtazama, akaacha kucheka. Hakuwa amezoea kumwona Irmeli akiomba kitu.

Jumamosi ilifungua macho na baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Miti ya misonobari ilikuwa ikipasuka msituni, paa, paa, na kila mlio ulimgonga Irmeli mgongoni. Alijipikia uji wa shayiri, akautazama mpaka ukaganda, akaumwaga. Siku hiyo alikuwa na ruhusa ya kutokwenda kazini, lakini saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari mbele ya ukumbi, funguo mkononi. Taisto alikuwa juu ya mashine ya barafu akiipasha moto.

"Umefuata nini saa hizi? Leo wewe ni msanii. Wasanii huamka saa nne."

"Nyumbani kuna kelele."

"Si unaishi peke yako?"

"Ndiyo kelele yenyewe hiyo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo mkubwa. Uso wako una rangi ya maziwa ya unga." Taisto alifuta mikono kwenye suruali. "Haya, kaa karakanani, kuna joto. Nilifanya kazi humo jana jioni, viatu vya vijana wa mpira wa magongo, jozi kumi na nne, leo wana mechi ugenini. Sikufagia, usinitukane."

Aliyasikia maneno hayo. Baadaye aliapa kwamba aliyasikia, neno kwa neno.

Karakana ilinukia mafuta na vumbi la jiwe. Irmeli alikaa kwenye kigoda chake, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi mikono yake ikatulia. Palikuwa mahali ambapo mikono ilijua kazi yake bila kuuliza kichwa. Alivuta pumzi kwa hesabu ya nne, na safari hii ikaingia yote. Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na mimi ningefurahi. Lakini mkono uliotulia ukaanza kutafuta kazi. Akatoa viatu vyake mkobani. Akapitisha ukucha juu ya makali ya kiatu cha kushoto.

Kulikuwa na kijipengo, kidogo kama punje ya mchanga. Yeye alisema kilikuwepo. Mimi, ninayemjua, nasema alikileta mwenyewe kutoka nyumbani.

Alikipapasa tena. Sasa kilikuwa kikubwa zaidi. Alijiwazia akifika pale pa kugeuka, pale ambapo mguu mmoja hubeba mwili wote kutoka kuteleza mbele kwenda kuteleza nyuma, na kijipengo kikishika barafu, naye akienda chini, na mama yake ameketi akitazama. Alisimama, akafunga mlango. Karatasi ilikuwa upande wa nje.

Akabana kiatu kwenye kishikio, akawasha mashine. Cheche zikaruka. Mara nne kiatu cha kushoto. Kisha akaona kwamba kiatu kimoja kikiwa kikali na cha pili kisipokuwa, ni hatari zaidi, akanoa na cha kulia, mara nne. Kwa dakika kumi zile alikuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote mjini. Hata aliimba kidogo.

Jambo moja tu hakulifanya. Vijana wa magongo hupenda mfereji wenye kina, ili wageuke ghafla kama panya jikoni, na jiwe huchongwa upya kabla ya kunoa viatu vyao. Asubuhi yake, kabla ya kugusa kiatu chochote, Irmeli hulichonga jiwe lile kulirudisha kwenye duara lake pana. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili bila kufikiri. Siku ile alikuwa anafikiri, na hofu ikala ile kazi isiyohitaji fikra. Jiwe lilibaki kama Taisto alivyoliacha.

Saa tatu kasorobo watu walianza kuingia, wakipiga viatu chini kukung'uta theluji. Kerttu alikuja kwa gari la jirani, akisukuma kigari chake cha kutembelea, amevaa koti jeusi la mazishini. Akakaa safu ya mbele kabisa, karibu na lango la kuingilia barafuni, akaweka mkoba mapajani. Akamwinamishia binti yake kichwa. Irmeli naye akainamisha chake.

Mazoezi ya kupasha mwili yalianza saa tatu na dakika ishirini. Wanawake sita waliingia pamoja. Irmeli alivua vifuniko vya plastiki kwenye makali yake, akampa Vilma, akakanyaga barafu.

Alijua kabla ya hatua ya pili. Mguu ulikataa kuteleza kwa upande. Ulizama na kushika, na barafu ikatoa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Alijaribu kupinda kidogo, kiatu kikamvuta na kumtupa kwenye ubao wa ukingoni. Akaushika kwa mikono miwili. Kijasho chembamba kilimtoka, kwenye ubaridi ule.

Jiwe la vijana.

Alijivuta kando ya ubao hadi aliposimama Vilma.

"Nimenoa," alisema.

"Umefanya nini?"

"Leo asubuhi. Na jiwe lilikuwa limechongwa kwa ajili ya magongo."

Vilma alivitazama viatu. "Wewe? Irmeli, wewe?"

"Mimi."

"Mama yangu. Tunaweza kunoa upya?"

"Kazi ya nusu saa. Tuna dakika tatu."

"Nikisugua kwa kipande cha mbao?"

"Juu yatapungua. Mfereji utabaki palepale."

Vilma aliinama juu ya ubao, sauti ikashuka. "Basi jitoe. Nitawaambia majaji ni viatu. Ni sababu ya haki kabisa. Hakuna atakayekusema."

Hakuna atakayekusema. Irmeli alitazama lango. Nyuma ya lango kulikuwa na ujia, na mwisho wa ujia mlango mwekundu wa choo, ambao ameusugua kwa mikono yake mwenyewe miaka kumi. Ulikuwa wazi kidogo. Safari hii asingehitaji hata kujificha. Angeingia na sababu yake mkononi, na watu wangemhurumia. Na mifupa yake ingebaki mizima. Akili yote ilikuwa upande wa choo.

"Sijitoi," alisema, na sauti haikuwa yake.

"Basi nisikilize vizuri. Usigeuke. Usijizungushe. Teleza mbele tu, tabasamu, toka. Umenielewa? Mbele tu."

"Mbele tu."

Vilma hakujua habari ya mifupa. Angejua, angemkamata kiunoni na kumtoa kwa nguvu.

Filimbi ikalia. Wale watano wakatoka, lango likafungwa nyuma yao. Namba moja hubaki peke yake. Spika za ukumbi zikakwaruza.

"Irmeli Rautala, Kuusiranta."

Wa kwanza hupewa dakika moja kufika katikati. Irmeli hakuondoka. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania ubao na havikusikia amri. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Kwenye mdomo wa gereji Taisto alisimama kando ya mashine yake, kofia mkononi, kama watu wanavyosimama jeneza likipita. Majaji watatu waliinua nyuso. Irmeli aligeuza kichwa kumtafuta mama yake, na akamwona ameinamisha uso, haangalii. Ameona haya, alijiambia. Ameona haya tayari, hata sijaanza.

Sekunde thelathini na tano. Hapo kitu kikamchemka ndani, nacho hakikuwa ushujaa. Kilikuwa hasira, hasira ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Potelea mbali, alisema kwa sauti, na akaachia ubao.

Alifika katikati kwa hatua fupi fupi, akainua mikono. Akodiani ikaanza.

Mwanzo ulikwenda vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Aliteleza mbele duara zima, mikono wazi, na watu wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo. Kiatu kilipolia, alikisikia kwa mbali. Woga ulimwacha. Alisahau jiwe, akamsahau daktari, akasahau kwamba ameahidi kitu. Miezi minane mwili wake ulikuwa umefunzwa kwamba akodiani ikishuka mara mbili, bega la kushoto linazunguka na mguu unageuka. Akodiani ikashuka mara mbili. Mwili ukageuka.

Chuma kikauma barafu na kubaki pale. Irmeli akaendelea bila miguu yake.

Alitanguliza mkono wa kulia, ule ule. Mlio aliusikia yeye, na alisema ulisikika kwake mkubwa kuliko muziki, mfupi na mkavu, kama misonobari ya asubuhi. Watu walisema "oh" kwa pamoja. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye barafu aliyoisawazisha maelfu ya mara, na alijua mambo mawili kwa uhakika: mkono umevunjika, na hii ilikuwa mara ya mwisho kuwa hapa. Daktari angemwambia hivyo baadaye siku hiyo hiyo, kwa maneno mengi zaidi.

Muziki haukusimama. Akodiani ilikuwa inaendelea bila yeye, kama siku ile kwenye kibanda muziki wa mtoto mwingine ulivyoendelea.

Akavuta goti. Akasimama. Maumivu yalimjia yote kwa mpigo, akaona giza, akasubiri lipite. Akaukumbatia mkono wa kulia kifuani kwa mkono wa kushoto na akasukuma mguu. Mbele tu. Duara moja. La pili, pole pole, uso umekunjamana, kamasi zikimchuruzika. Hakukuwa na uzuri wowote ndani yake, nisiwadanganye. Alionekana kama mtu anayebeba paka mgonjwa barabarani. Muziki ulipokwisha alikuwa hatua nne kutoka katikati. Alizimaliza zile hatua nne kwenye kimya, akasimama, akainua mkono mmoja badala ya miwili, akapiga goti mbele ya majaji.

Alishika nafasi ya sita kati ya watu sita.

Taisto alileta gari lake kuukuu mpaka mlangoni. Vilma, machozi yakimtoka, alibaki na wanafunzi wengine. Kerttu alikataa kukaa mbele. Aliingia nyuma kwa binti yake, kigari kikatupwa kwenye buti, wakaondoka. Hospitali ilikuwa kilomita kumi na tisa. Irmeli alijiegemeza kwenye dirisha, akatazama misitu, akajiandaa kwa kimya.

"Nilijua," alisema Kerttu. "Nilijua tangu nafungua macho, nikasema leo huyu anavunjika. Uinue huo mkono. Juu, juu kidogo, juu ya moyo. Una skafu? Vaa yangu. Na wewe Taisto, punguza mwendo, umebeba watu, hukubeba barafu."

"Ndiyo, Mama Kerttu."

"Siku ile nilifurahi."

Irmeli aligeuka. "Siku gani?"

"Ya chooni."

Kerttu alifungua kibanio cha mkoba wake, akakifunga. Kisha akaendelea, akiutazama.

"Mtoto wa kabla yako walimtoa na damu kidevuni. Hukumwona, ulikuwa umeshaingia. Mimi nilimwona. Nikaja mpaka kwenye mlango wa choo nikuite. Nilikuwa pale, Irmeli. Muda wote nilikuwa nje ya mlango. Mkono nimeuinua hivi, wa kugonga. Wakaita jina lako, nikasema moyoni, Mungu wangu, asitoke. Wakaita tena. Sikugonga."

"Ulikuwa pale?"

"Niliposikia komeo nikarudi kando ya jiko, na ulipotoka nilikuwa na furaha hata nikajionea haya. Mama wa namna gani huyo? Mtoto ameshindwa, yeye anafurahi. Nikaona nikifungua mdomo tu, utanijua. Ndiyo nikaufunga."

"Miaka arobaini na sita, Mama."

"Ndiyo."

"Nilidhani umenikasirikia."

"Mimi?" Kerttu alimtazama sasa, macho yake mekundu kama ya wale watoto wa mlangoni. "Mimi nilidhani wewe ndiye umenikasirikia. Kwa kutogonga."

Mkono ulikuwa unavimba ndani ya skafu. Irmeli alilia bila kuuficha, na hakujua alilia kwa lipi kati ya hayo mawili.

"Na leo?" aliuliza. "Uliinamisha uso. Nilikuona."

"Leo pia nilisema, Mungu wangu, asitoke. Nikafumba macho. Nilipofumbua ulikuwa katikati, umeinua mikono, mwanangu, na gauni limekukaa vizuri. Ila shingoni wamekosea mshono. Ungeniletea mimi. Lile la buluu bado lipo, unajua, shanga zote zipo, nilizihesabu mwaka jana…"

Taisto alipunguza tena mwendo, ingawa barabara ilikuwa nyeupe na tupu mpaka mwisho wa macho. Nyuma yake Kerttu alikuwa bado anaongea.